Fred Colvin: fundi aliyegeuka mhariri

Mwanagenzi: Ndugu zangu, ni nini kilichompa Fred H. Colvin, mhariri wa jarida la American Machinist la Marekani, sauti kubwa namna ile mbele ya wenye viwanda?

Mzee wa Karakana: Colvin, aliyezaliwa mwaka 1867, alijifunza ufundi katika karakana huko Philadelphia, hivyo alipoingia katika uhariri, kwanza kwenye jarida la Machinery na kuanzia 1907 kwenye American Machinist, aliandika kama mtu aliyewahi kuchafuka grisi. Mwaka 1908, yeye na Frank A. Stanley walitoa kitabu cha mkononi cha mafundi mitambo, ambacho kwa maoni yangu kilimjengea jina kuliko tahariri zake.

Msomaji: Naomba kuongeza, Mzee. Mwaka 1913 aliandika mfululizo wa makala kuhusu kiwanda cha Ford cha Highland Park, akieleza jinsi mashine zilivyopangwa kwa kufuata hatua za kazi, si kwa aina. Wanahistoria huzithamini makala hizo kwa kuwa zinaonyesha kiwanda kilivyokuwa kabla tu ya magari kuanza kuunganishwa kwenye mstari unaotembea.

Mwanagenzi: Nashukuru, Mzee. Nami nilidhani alikuwa mwandishi wa habari tu.