Mrejesho: ile jigi ya matundu ya mshazari

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nichukue jigi ipi (kile kifaa cha kuongoza keekee) ya kutobolea matundu ya mshazari ya skrubu za kuungia mbao, ya tundu moja au ile kubwa ya kufunga mezani. Nimechukua ya tundu mbili, saizi ya mkononi; imeshuka na basi la Dar hadi hapa Mtwara.

Kabati la paina la milimita 19, skrubu za milimita 32: limekaa, halitikisiki. Kasheshe ilikuwa kwenye mkongo, ile mbao ngumu. Skrubu ya kwanza ilikatika shingo, kichwa kikadondokea mguuni. Mzee mmoja seremala wa Chikongola akacheka, akanipa za meno yaliyobanana, "Pakaa sabuni kwanza, mwanangu." Zikazama zenyewe.

Klampu, vile vibanio vya kushikilia ubao, nunueni siku hiyohiyo mnayonunua jigi. Mimi nilijifanya mjanja, ubao ukateleza.