Tupeane uzoefu: kabureta na injini ndogo za bustani na shamba hapa Dodoma

Mwanzisha mada (fundi, Dodoma mjini)

Ndugu wanajamvi, salaam. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za kukatia nyasi, pampu za maji za petroli na jenereta ndogo. Tangu bustani za ofisi na makazi ziongezeke upande wa Mtumba na Iyumbu, mashine zinazoletwa kwangu zimekuwa nyingi, na karibu kila mwenye mashine hufika akiwa amekwisha kutoa hukumu kwamba kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, imekufa na inatakiwa mpya. Naomba mwenye kisa chake akieleze hapa kwa utulivu: mashine ilionyesha dalili gani, ukaguzi ulianzia wapi, na ugonjwa wenyewe ulikuwa nini. Mambo ya bei na maduka tuyaache kwa mada nyingine.

Nianze na kisa ninachokutana nacho kila mwaka mvua za kwanza zinapodondoka mwezi Desemba. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja. Ikifika Mei nyasi zimekauka, mashine inasukumwa stoo ikiwa na petroli ndani, na hakuna anayeikumbuka hadi majani yaote tena. Petroli haivumilii kulala namna hiyo. Baada ya mwezi mmoja hivi huanza kuharibika: sehemu zake nyepesi hupotea hewani, na zile nzito hubaki kwenye bakuli la kabureta zikiwa utando wa rangi ya kahawia unaonuka kama rangi ya zamani. Siku ya kuwasha, injini hushika ikiwa choki, kile kibati cha kupunguza hewa, imefungwa, lakini choki ikifunguliwa inazima. Dalili hiyo inasema kwamba petroli inayopita ni kidogo mno kwa hewa inayoingia, na mara nyingi jeti, yaani kipande cha shaba chenye tundu jembamba la kupitishia petroli, ndiyo iliyoziba.

Bakuli la kabureta nyingi za injini hizi hushikwa na bolti moja chini, ya spana namba 10. Fungua, toa floti (boya linalopima kiasi cha petroli) na kijisindano chake cha kufungia petroli, kisha fungua jeti kubwa iliyo katikati kwa bisibisi inayoingia sawasawa, kwa sababu shaba ni laini na mdomo wake ukiharibika hutaitoa tena. Tundu lisafishwe kwa dawa ya kabureta na upepo wa kampresa. Likikataa, tumia unywele mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya laini wa umeme. Sindano ya kushonea na waya wa chuma hulipanua tundu, na tangu siku hiyo mashine itakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi bila mtu kuelewa kwa nini.

Mkulima wa zabibu, Hombolo

Nashukuru kwa mada hii, fundi. Sisi wa zabibu huvuna mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya Agosti na Septemba hutegemea pampu. Pampu yangu ilikuwa inawaka vizuri asubuhi, inavuta maji kwa muda wa kutosha kunywa chai, halafu inapungua nguvu taratibu na kuzima. Ukiiacha ipumzike, inawaka tena kana kwamba haikuwa na tatizo. Fundi wa kwanza aliyeitazama alishauri kabureta mpya, na wa pili akataka kubadilisha koili, kwa hoja kwamba koili ikipata joto huacha kutoa cheche. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa kuwa koili mbovu hufanya hivyo hasa.

Aliyemaliza ugomvi ni kijana wa jirani, ambaye alisubiri izime, akalegeza kifuniko cha tangi, na sote tukasikia hewa ikivutwa kuingia ndani. Kifuniko kina kijitundu cha kupumulia, na vumbi letu la kiangazi, likichanganyika na petroli inayorukaruka, lilikuwa limekiziba kabisa. Petroli ikitoka tangini bila hewa kuingia, baadaye inashindwa kushuka. Kifuniko kilioshwa, na kabureta haikuguswa. Tangu hapo, pampu ya mtu yeyote ikizima kwa mtindo huo nasema kwanza alegeze kifuniko. Ikiendelea kufanya kazi, jibu limepatikana bure.

Mwanzisha mada

Kisa hicho kina thamani, mzee wangu. Niongeze tu kwamba koili hutofautishwa kwa kupima cheche palepale injini inapozima, kabla haijapoa.

Mtunza bustani, Area D

Mimi ninatumia mashine ya begani ya kufyekea, ile ya mipigo miwili inayochanganyiwa oili. Ilianza kwa kukosa nguvu: ikiwa tupu inapiga kelele vizuri, ikigusa majani mazito inalala. Mwenzangu alikuwa tayari na bisibisi kwenye zile skrubu mbili za kabureta, nami nikamzuia, kwa sababu skrubu ya mwendo mkubwa ikikazwa kupita kiasi petroli hupungua, na katika injini hizi petroli ndiyo inayobeba oili ya kulainisha pistoni. Mashine hukimbia kwa furaha kidogo, kisha pistoni inakwama.

Tulifungua ekzosi na kukuta wavu wake mdogo wa kuzuia cheche umejaa masizi meusi, moshi hauna pa kutokea. Chanzo kilikuwa mchanganyiko wa kukisia kwa kifuniko cha chupa. Mashine inayotaka uwiano wa 25 kwa 1 huwekewa mililita 40 za oili kwa lita moja ya petroli. Inayotaka 50 kwa 1 huwekewa mililita 20. Tazama kitabu cha mashine yako, ununue kikombe chenye vipimo, na usiazime kipimo cha jirani.

Kabureta ya mashine hizi haina floti, ina diaframu, yaani kipande chembamba laini kinachopumua ndani yake. Kikikakamaa, mashine huwa ngumu kuwaka na hukata mwendo unapobonyeza mafuta. Msipulizie kampresa kabureta hiyo kabla ya kukitoa, kwani upepo hukichana.

Fundi, Mpwapwa

Nina mawili. La kwanza ni pampu iliyoletwa ikidaiwa kuzimazima ikiwa kando ya korongo, ilhali kwangu iliunguruma bila kukata. Injini nyingi za mipigo minne, zile ambazo oili hukaa peke yake bila kuchanganywa na petroli, zina swichi inayokata moto oili ikipungua, na pampu ilikuwa imewekwa juu ya mteremko, kwa hiyo oili ilikusanyika upande mmoja na swichi ikadhani imekwisha. Mwenye nayo alishauriwa kuchimba mahali pa kuikalisha sawa, kwa jembe.

La pili ni la hatari zaidi. Injini ya pampu ilikuwa nzito kuvuta kamba na ilitoa moshi mweupe. Kijiti cha oili kilionyesha oili imeongezeka, tena inanuka petroli. Kijisindano cha floti kilikuwa kimeliwa na mchanga, koki ya tangi haikufungwa, na petroli ikashuka usiku kucha hadi kwenye chumba cha krenki, kule chini inakokaa oili. Ukikuta hali hiyo usiwashe. Mwaga oili yote, badilisha kijisindano, weka oili mpya, na ufunge koki kila unapomaliza kazi.

Mwanachama mpya, Nkuhungu

Shikamooni wakubwa. Nimehamisha mashine yangu ya kukatia nyasi kutoka Dar es Salaam, ni injini ya Honda GX160, na naona hapa Dodoma imepoteza nguvu kidogo. Nimeambiwa nibadilishe jeti kwa sababu ya mwinuko. Je, ni kweli?

Mwanzisha mada

Marahaba. Aliyekuambia ana nusu ya ukweli. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kuliko ya pwani. Injini za aina hiyo hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo upungufu wa asilimia 12 au 13 ni wa kawaida, wala jeti hairudishi nguvu hiyo. Maelekezo ya mtengenezaji huzungumzia kurekebisha kabureta kwa matumizi ya juu ya mita 1,500. Hapa hujafika, ingawa ndugu zetu wa Iringa wamefika.

Jeti iache. Osha sponji ya chujio la hewa kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, uipake oili kidogo na kuikamua. Tazama plagi inayotoa cheche: pengo la ncha zake liwe kati ya mm 0.7 na 0.8, na ikiwa nyeusi yenye masizi makavu basi hewa ni chache, anzia kwenye chujio hilohilo. Mwisho pima upenyo wa valvu, ya kuingiza hewa na ya kutolea moshi, injini ikiwa baridi, kwa vipimo vya kitabu cha injini yako.

Mwanachama mpya, Nkuhungu

Nimeelewa, fundi. Sponji nimeitoa sasa hivi na imejaa vumbi jekundu hadi ndani. Valvu nitampa mwenye vipimo azikague kesho asubuhi kabla injini haijawashwa.