Mjadala: Ramli imtaje muuaji kwenye hadithi za upelelezi za Kigoma?

Mleta mada, Kigoma Mjini

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Naleta ubishi uliotushinda kijiweni, sisi wachache tunaoandika hadithi za upelelezi huku mwisho wa reli. Mwenzetu wa Kasulu katusomea mswada wake. Mzee mmoja wa Buhigwe anakutwa amekufa kwenye michikichi yake. Ukoo unataka ajulikane aliyehusika, wanaitwa kamchape. Wanapita nyumba kwa nyumba, wanafukua pembe ya uchawi uvunguni mwa kitanda cha bibi mmoja mjane. Sura ya mwisho inatuambia ni kweli, bibi ndiye.

Kwa wasiotoka huku: kamchape, wengine huwaita lambalamba, ni watu wanaojitangaza kuwa wanafichua wachawi. Kijiji kinachangishwa fedha, na anayetajwa anaweza kuchomewa nyumba au kufukuzwa. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na kumtangaza mwenzako kuwa mchawi ni kosa. Mwaka 2015 Serikali ikapiga marufuku wapiga ramli, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Marufuku ipo, na kamchape bado wanaitwa.

Msimamo wangu ni huu. Kamchape waingie hadithini, tena waingie mzimamzima, na ngoma zao na michango yao. Ila jibu lisitoke kwao. Hadithi ya upelelezi inamwekea msomaji vielelezo mbele yake, ili akikosa kumjua muuaji ajilaumu mwenyewe. Ramli inamtaka aamini tu. Ukizichanganya umemlia msomaji hela yake, na nje ya kitabu umewaongezea kamchape wateja. Karibuni.

Mwenye mswada, Kasulu

Ahsante kwa kunianika, ndugu yangu. Sasa nisikilizwe na mimi.

Nimekulia huko. Kwenye misiba yetu watu hawaulizi marehemu kafa kwa nini. Wanauliza nani. Msomaji wangu wa Kasulu akikuta mpelelezi kavaa glavu, anapiga picha unyayo, atakirudisha kitabu. Huku mpelelezi anatoka wilayani kwa pikipiki ya kuazima, mafuta kachangiwa na mtendaji wa kijiji, na akifika maiti imeshaoshwa na nusu ya kijiji imekanyaga pale shambani. Unyayo upi? Anaandika maelezo ya mashahidi wanne waliokwisha kukubaliana la kusema, anarudi.

Kwa hiyo jibu lililobaki kijijini ni la kamchape. Mimi sikulipenda, nimeliandika kwa sababu ndilo lililopo. Mkitaka jibu la mahakamani, andikeni habari za mji ambako mahakama iko karibu.

Mchuuzi wa dagaa, Kibirizi

Kaka wa Kasulu, glavu sizitaki hata mimi. Lakini nani kasema ushahidi ni unyayo peke yake? Njoo huku mwaloni nikuonyeshe.

Dagaa anavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za betri. Mbalamwezi ikiwaka sawasawa taa haina kazi, wavuvi wanakaa nyumbani wanashona nyavu. Basi mtu akimwambia mkuu wa upelelezi, "usiku ule nilikuwa ziwani navua dagaa", na mwezi ulikuwa mpevu, kajifunga kamba mwenyewe. Kila mtoto wa Katonga atamnasa kabla ya polisi. Wa Dar ndiye atapitwa.

Nyingine hii. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti. Sasa weka sahani ya dagaa wabichi kwenye nyumba ya mtuhumiwa, mwezi wa saba. Wametoka wapi? Kwa nani? Alivuka usiku na nani? Hapo una sura tatu nzima na hujaita kibuyu.

Hata kisu kutupwa ziwani si sawa na kutupwa mtoni. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470. Kikienda kimekwenda, kwa hiyo mwandishi hana ruhusa ya kukiokota kwa bahati sura ya mwisho. Ila meli ya Liemba je? Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, mitambo wameipaka grisi kwanza maana walikusudia kurudi. Walioiibua ni Waingereza, 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Natamani mhalifu wa namna hiyo, anayeficha kitu chake kwa matunzo, halafu mwingine ndiye anakuja kukifaidi. (Wazo hili ni langu, asiliguse mtu!)

Mwalimu mstaafu, Ujiji

Marahaba, wanangu. Mnabishana kama vile jambo ni la jana. Muhammed Said Abdulla, mwaka 1960, kwenye riwaya yake *Mzimu wa Watu wa Kale*, aliyaweka mauaji penye mzimu hasa. Watu wameogopa, wamenong'ona, lakini jibu kalitoa mpelelezi wake, Bwana Msa, kwa akili yake. Mzimu ulibaki pazuri pa kuogopesha, basi. Huyo ni Mzanzibari, na sijui kwa nini sisi wenye ardhi hii tushindwe. Hata Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, alipomtuma mpelelezi wake Joram Kiango kupambana na wahalifu hakumpa hirizi.

Mtani, Tabora

Watani zangu, nyie mna dagaa, sisi tuna moshi. Huku Unyamwezini na kwa jirani zetu Wasukuma, vikongwe wameuawa kwa kosa la macho mekundu, na macho hayo kayapata jikoni, miaka yote anapuliza kuni. Kila aliyekaa huku anajua kinachofuata: shamba la aliyeuawa linapata mwenyewe mpya upesi.

Kwa hiyo kaka wa Kasulu, mimi sikukatazi kamchape. Nakuuliza nani kawaita, na nani kalipa zaidi ya mchango wa kila kaya. Mpelelezi wako na pikipiki yake ya kuazima hahitaji glavu kuuliza hilo. Akae na mweka hazina wa kijiji, asome daftari la michango. Ramli kwenye hadithi yako iwe silaha ya mauaji ya pili.

Mhariri, Kibondo

Nakubaliana na wengi hapa, ila nina onyo, na naomba msilipite haraka. Miswada inayonifikia, mwandishi akishaona aibu ya kumtumia mchawi, anamtafuta mkimbizi. Muuaji anakuwa Mrundi kavuka mpaka usiku, au Mkongomani wa Nyarugusu. Kambi ile ipo tangu 1996. Wamo watu wazima waliozaliwa humo, wana ugomvi wao, wivu wao, madeni yao, kama sisi. Kumtaja mgeni kwa sababu ni mgeni kuna tofauti gani na kufukua pembe?

Mkimbizi awe muuaji, sawa, lakini kwa sababu zake yeye. Na awe mpelelezi pia siku moja. Mtu anayesikia Kiha na Kirundi masikio yote mawili atagundua uongo ambao askari aliyehamishiwa huku kutoka Pwani hatausikia kamwe.

Mleta mada

Dada wa Kibondo kanigusa penyewe, maana hoja yangu ilimlenga kamchape peke yake. Kumbe kipimo ni kimoja kwa wote: anayetajwa, atajwe kwa kielelezo.

Turudi kwenye pembe. Kaka, umeandika imekaa chini ya kitanda miaka kumi na mbili, sakafu ya udongo. Huku kwetu mchwa wanakula mlango! Pembe ya miaka kumi na mbili, na kitambaa chekundu kilichoifunga bado kinang'aa? Kielelezo unacho tayari ukurasa wa arobaini. Mjukuu wa bibi akiguse kile kitambaa tu, asiseme kitu, msomaji makini ataelewa kwamba pembe ilitoka kwenye mkono wa kanzu ya kamchape.

Mwenye mswada, Kasulu

Kitambaa nakichukua, na daftari la michango nalichukua. Mtani nitamlipa kwa migebuka, yeye alete asali.

Lakini nawaambia kabisa nisichokubali. Mpelelezi ajue, mjukuu ajue, msomaji ajue, hata aliyelipa ashikwe na kufikishwa Kasulu mahakamani. Kijiji hakitamwomba bibi msamaha. Nyumba yake imeshaezuliwa bati, na waliolichukua bati wanamsalimia "mwakeye" kama kawaida. Bibi hatarudi pale. Atahamia kwa binti yake Mwanga, hapo Kigoma Mjini, auze mawese. Mnaotaka arudi kijijini apokelewe kwa vigelegele, andikeni ya kwenu.