Siku moja Kentucky, chupa moja ya kurudi nayo: Wild Turkey, Buffalo Trace, Four Roses au Maker's Mark?

Mgeni wa Mbeya

Wakuu habari za wikiendi. Mwezi ujao nakwenda Lexington, Kentucky, kumtembelea kaka. Kazi na kanisa vimembana, lakini kaniahidi Ijumaa nzima ya kuzunguka kwenye viwanda vya bourbon, wiski ya huko Marekani. Mimi ni mtu wa wiski za Scotland. Bourbon niliyowahi kunywa ni Jim Beam ya lebo nyeupe tu, tena iliyomwagiwa soda.

Kurudi Dar, forodha wanaruhusu lita moja ya pombe kali bila ushuru, na chupa ya Marekani ni mililita 750. Kwa hiyo ni chupa moja, hakuna ya pili. Nimebaki na majina manne: Wild Turkey 101, Buffalo Trace, Four Roses Single Barrel na Maker's Mark. Nilinganishieni kiwanda cha kutembelea na chupa ya kubeba. Bajeti ya chupa ni dola 60. Pappy Van Winkle msinitajie, mshahara wangu naujua.

Mzee wa Glasi

Mkuu, tuanze na kilichomo ndani ya chupa, safari itafuata.

Zote nne ni mahindi kwanza. Sheria ya Marekani inataka mahindi yasipungue asilimia 51, na pombe ikae kwenye mwaloni mpya uliounguzwa kwa ndani. Wewe uliyezoea Scotland, tofauti kubwa utaiona hapo: Waskoti wanachukua mapipa ambayo bourbon imeshayatumia, huku Kentucky pipa linatumika mara moja tu kwa kazi hiyo. Ndiyo maana bourbon ya miaka sita ina rangi nzito na utamu wa vanila ambao Mskoti wa miaka 12 hana. Ikiwa na neno straight kwenye lebo, ujue haikuongezwa rangi wala ladha yoyote.

Baada ya mahindi, angalia nafaka ya pili. Wild Turkey, Buffalo Trace na Four Roses wanatumia rai, nafaka jamii ya ngano inayopenda baridi, na ndiyo inayoleta ule ukali wa viungo. Maker's Mark hawana rai kabisa. Wao wanaweka ngano, asilimia 16, na matokeo yake ni kinywaji laini, chenye karameli na cheri, kinachoshuka bila kugombana na koo. Mke wangu anaipenda. Mimi nikimaliza glasi nakuwa nimeshasahau nilikunywa nini.

Wild Turkey 101 ina asilimia 50.5 ya kileo. Mahindi 75, rai 13, kilichobaki ni kimea cha shayiri. Sheria inakuruhusu kuingiza pombe kwenye pipa ikiwa na hadi asilimia 62.5, ila wao wanaingiza kwa 57.5. Faida yake ni kwamba siku ya kujaza chupa maji yanayoongezwa ni kidogo, kwa hiyo ladha ya pipa haizimuliwi. Ukinusa unapata karameli iliyokaribia kuungua na ganda la chungwa. Ukimeza, tumbaku na pilipili manga, na vinakaa muda mrefu kweli. Kwa kama dola 25 sijui pombe nyingine inayotoa kiasi hicho.

Buffalo Trace, asilimia 45, ina rai kidogo ambayo kiwanda hakitaji kiasi chake. Sukari guru, vanila, tofaa. Nzuri, ila inaaga mapema.

Four Roses ndiyo ya kuumiza kichwa, kwa maana nzuri. Wana michanganyiko miwili ya nafaka na hamira tano, kwa hiyo mapishi kumi tofauti chini ya paa moja. Single Barrel ya kawaida, yaani kila chupa inatoka pipa moja bila kuchanganywa, ni pishi wanaloliita OBSV, rai asilimia 35, nguvu asilimia 50. Pea lililoiva, asali, iliki, kisha rai inaingia kwa mdalasini. Kwa mtu anayetoka Scotland na pua iliyozoea matunda, mimi nakupa hii bila kusita.

Mama Kibuyu

Mzee wa Glasi umeionea Buffalo Trace. Kuaga mapema si dhambi, si kila mtu anataka pilipili ikae mdomoni mpaka alfajiri. Mimi kwa glasi ya kuongelea na wageni kabla ya chakula naichukua hiyo, 101 naiacha kwa wanaotaka kuthibitisha jambo.

Kwa mleta mada nina moja tu. Maker's Mark huku Nairobi iko madukani, sambamba na Jim Beam na Woodford Reserve. Sioni sababu ya kuibeba kutoka ng'ambo na nafasi yako ni ya chupa moja. Ipigie mstari.

Foleni Daima

Yaani mmeandika yote haya na hakuna aliyetaja Blanton's? Nayo kila chupa inatoka pipa moja, asilimia 46.5, na ndiyo bourbon ya kwanza kuuzwa kibiashara kwa mtindo huo, mwaka 1984, kazi ya Elmer T. Lee, mtengenezaji mkuu wa wiski wa wakati huo. Inatoka kiwanda kilekile cha Buffalo Trace, Frankfort. Kizibo kina farasi na mpanda farasi, viko vya aina nane, na kila kimoja kina herufi ya jina. Mimi nakamilisha seti.

Ushauri wangu: fika Frankfort asubuhi kabla ya duka la kiwanda kufunguliwa. Kila siku wanatoa aina fulani zile adimu, chupa moja kwa mtu, na kitambulisho kinachunguzwa ili usijirudie kila siku. Ukibahatika unalipa bei ya kiwanda. Ukiikosa, madukani mjini utaambiwa mara mbili ya bei hiyo na zaidi.

Mzee wa Glasi

@Foleni Daima seti ya vizibo ni burudani halali, sikatai. Ila tukiziba lebo nikakumiminia Blanton's na Four Roses, bado nasema ya pili itashinda, na hakuna aliyepanga foleni. Hao ni wanunuzi wa picha ya rafu.

Foleni Daima

Njoo Cincinnati uzibe hizo lebo, glasi natoa mimi.

Dereva wa Lexington

Assalaam aleikum. Mimi sinywi, kwa hiyo ya kwenye glasi nawaachia wenyewe. Lakini kazi yangu ni kuendesha watalii wa viwanda hivi, na vyote mlivyotaja nimeviingia kwa miguu yangu, maana wateja wengine wanakulipia kiingilio ili usikae garini.

Kwanza umbali. Kutoka Lexington, Frankfort na Lawrenceburg zote ni dakika kama 40. Maker's Mark iko Loretto, zaidi ya saa moja kwenda, barabara nyembamba za mashambani. Ni nzuri kuliko zote kwa macho, majengo meusi yenye madirisha mekundu kando ya kijito, na dukani unachovya chupa yako mwenyewe kwenye nta nyekundu. Lakini hiyo ukienda, siku imekwisha.

Buffalo Trace ziara ya kawaida haina kiingilio, na ndiyo sababu nafasi zinajaa mapema sana. Weka leo, usingoje kufika. Hiki ni kiwanda kilichopata ruhusa ya wiski ya dawa wakati pombe ilipopigwa marufuku Marekani, 1920 hadi 1933, na utaona matofali ya zamani kila upande. Aprili 2025 mto Kentucky ulifurika ukaingia mpaka ndani ya majengo, wakafunga kwa muda, kisha wakarudi.

Lawrenceburg ndiyo ninayowapeleka watu wenye siku moja. Wild Turkey na Four Roses ni jirani, kama dakika 15 kwa gari. Wild Turkey iko juu ya jabali, jengo la wageni linatazama mto chini kabisa na daraja la zamani la reli. Jimmy Russell, mtengenezaji mkuu wa wiski yao, alianza kazi hapo mwaka 1954, akafuatiwa na mwanawe Eddie, na sasa mjukuu naye yumo. Ukiingia penye matangi ya kuchachushia, uji wa mahindi unatokota bila moto na harufu yake ni ya togwa iliyopitiliza siku. Wateja wangu wa Kizungu wanakunja uso, mimi nakumbuka nyumbani Kigoma.

Four Roses ina kuta za manjano, mtindo wa Kihispania, hutegemei kuona jengo hilo Kentucky. Ila ujue maghala yake hayapo hapo, yapo Cox's Creek, na ni ya ghorofa moja. Wengine wanajenga ghorofa saba, juu joto, chini baridi, kwa hiyo mapipa ya juu yanakomaa haraka na ya chini polepole. Four Roses wanataka yote yaende sawa.

Jambo ambalo waongoza wageni hawalisemi sana: tazama miti na nyumba zilizo karibu na maghala. Gome limekuwa jeusi, kuta nyeusi, hata vibao vya barabarani. Kila mwaka asilimia kadhaa ya pombe inapaa kutoka kwenye mapipa, na kuna kuvu anayeishi kwa mvuke huo. Wakazi wengine wameshafikishana mahakamani na wenye viwanda kwa ajili yake. Kentucky ina mapipa mengi kuliko watu, mvuke huo si mdogo.

Na kama ni Julai au Agosti, uliza kwanza kama mitambo inawaka. Vingi vinasimamisha kazi kiangazi kwa matengenezo, unabaki kuonyeshwa vyuma vya baridi.

Mgeni wa Mbeya

Aleikum salaam kaka, hii ni darasa. Safari ni mwezi wa kumi, kwa hiyo mitambo itakuwa inawaka. Naona Maker's Mark imeshatoka, kwa umbali na kwa hoja ya Mama Kibuyu.

Kivu Louisville

Jambo bandugu. Miye niko Louisville, na huku Kiswahili unakisikia dukani, hospitali, kwa basi, maana Wakongomani na Warundi tuko wengi. Nimefanya kazi ghalani kwa miaka, kiwanda sikitaji.

Kwetu Bukavu tulikua na lutuku, pombe kali ya kienyeji ya mahindi na muhogo, inapikwa kwa pipa la chuma na bomba linapita kwenye maji. Siku ya kwanza kuonja pombe iliyotoka mtamboni hapa kabla haijaingia kwenye mwaloni, nilicheka peke yangu. Ni jamaa yake kabisa! Nyeupe, kali, mahindi matupu. Kinachobaki ni mti na miaka. Pipa ni lita 200, likiwa jipya ndani yake ni mkaa mtupu, na kuliviringisha likiwa limejaa si kazi ya mtu aliyelala vibaya.

Sasa, ninyi wote mnasifu chupa za wageni. Sisi tunaofanya kazi hiyo tunanunua nini? Evan Williams ya lebo nyeupe, ile iliyoandikwa Bottled-in-Bond. Inazidi kidogo dola 20, mara nyingine haifiki. Maneno hayo yanatoka kwenye sheria ya mwaka 1897, wakati watu walikuwa wanachanganya pombe na mambo ya ajabu: iwe ya kiwanda kimoja, msimu mmoja, imekaa ghalani miaka minne isiyopungua, na nguvu asilimia 50 kamili. Karanga, karameli, mwaloni mkavu. Inatengenezwa na Heaven Hill, wale ambao Novemba 1996 moto uliwateketezea kiwanda na maghala saba pale Bardstown, pombe ikatiririka inawaka.

Mzee wa Glasi

Kivu umenikumbusha haki. Evan Williams nyeupe ninayo hapa sasa hivi. Kwa kunywa nyumbani Marekani, Jumanne ya kawaida, haina mpinzani kwa bei hiyo. Ila kama Mgeni ana nafasi ya chupa moja na dola 60 mfukoni, nitamwambia asogee juu kidogo.

Mama Kibuyu

Na Mgeni, onja kiwandani kwanza ndipo ununue. Hizi harufu za iliki na pea za Mzee wa Glasi ni pua yake. Mimi Four Roses hiyohiyo ilinipa karafuu na ngozi, pea sikuliona.

Mgeni wa Mbeya

Basi nimeamua. Lawrenceburg, Wild Turkey asubuhi, Four Roses mchana, naonja kote kuwili halafu moja ninabeba. Kwa sasa naelekea Four Roses, lakini 101 ikinishika nitabadilika. Kaka ataendesha, yeye ni mlokole.

Swali la mwisho: chupa inaingia kwenye begi gani? Na kuna mtu aliniambia pombe ya zaidi ya asilimia 50 hairuhusiwi ndegeni.

Foleni Daima

Amekudanganya. Kikomo ni asilimia 70. Kati ya 24 na 70 unaruhusiwa hadi lita tano kwenye begi la kupakizwa, ikiwa imefungwa kama ilivyotoka dukani. Zinazokatazwa ni zile toleo za nadra zinazovuka 70, baadhi ya chupa za bourbon ya George T. Stagg zimewahi kufika huko. Ukinunua kiwandani usiweke kwenye begi la mkononi, usalama wataichukua. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki, kisha soksi nene mbili, katikati ya nguo. Na stakabadhi ikae karibu, forodha wakiuliza.

Dereva wa Lexington

Four Roses nao weka nafasi mapema, mwezi wa kumi majani yanabadilika rangi na watalii ni wengi. Ukikosa muda wa mchana, geuza: anza nao, Wild Turkey iwe ya pili. Kaka yako akipata dharura kazini, niandikie ndani.