Kaoga NDANI ya birika. Narudia: NDANI!

MwanaMkomani:
Jamani Waamu, watu wa Lamu wenzangu, naandika na mkono watetemeka. Yule bwana wetu (mnamjua, msinitake nimtaje) kaja yeo kwangu na taulo begani, ati kwao maji yamekatika, aoge mara moja tu. Nikasema karibu, birika lile pale, tangi letu la maji la bafuni, na kata ya kutekea ile pale. Kwa kiangazi hiki kumpa mtu maji ni kumpa figo, lakini jirani ni jirani.

Mara nasikia CHUBWI!

Chubwi ya nini? Kata hailii chubwi! Kwenda kuangalia, mlango kauacha wazi, bwana mzima na kikoi chake yumo ndani ya birika, maji ya kifua, sabuni kichwani, anaimba kasida. Samaki wangu wa kula viluwiluwi vya mbu wamejibanza pembeni wananitazama mimi!

Hayo ndiyo ya udhu, ndiyo ya kuoshea vyombo, ndiyo ya kila kitu. Nyumba hii maji ya kuoshea mchele hupewa mlimau, ya kusuuzia nguo huenda chooni, na mtoto akiacha mfereji wazi akipiga mswaki twamfanyia kikao cha ukoo. Yeye kaingia NDANI.

Namuuliza, "Kaka, umo ndani?" Ajibu nini? "Maji yako matamu, bwana, yetu yana chumvi." Na povu laelea.

Langoni_Damu:
Lakini alitakata?

PundaMchovu:
😂😂 Watu wa Mkomani mna bwawa la kuogelea ndani ya nyumba halafu mwalia ukame.

MwanaMkomani:
Hujanielewa. NDANI. Na kata iko pale pale, kavu, haikuguswa!

Langoni_Damu:
Samaki je? Wanatoa povu?

BintiShela:
Afadhali wewe kaoga mmoja. Maji ya mui mzima wa Amu yatoka visima vya huku kwetu, chini ya vilima vya mchanga. Mvua hunywewa na mchanga, maji matamu yakaa chini ya mchanga, juu ya maji ya bahari. Mkiyavuta kupita kiasi, chumvi yapanda, kisima kimekwisha. Na kuna jumba moja hapa, mnalijua, bwawa lake lajazwa kila wageni wakija. Hilo hamlifungulii uzi.

KizingitiniAsili:
Nyinyi mna visima. Sisi huku Pate twategemea jabia, mvua inyeshe sakafuni iteremke tangini. Mtu, simtaji, kalaza mbuzi wake juu ya sakafu ile, usiku manyunyu yakashuka. Fikirieni wenyewe tumekinga nini.

Malindi_Barani:
Mwaringia maji ya mbuzi! Sisi Mto Sabaki twauona kwa macho, mfereji watoa upepo, na bili yaja vile vile.

Langoni_Damu:
Bili ya upepo 😂😂😂 ulipe kwa kupuliza.

MwanaMkomani:
Jamani, uzi ni wa birika.

PundaMchovu:
Ngoja kwanza. Huyo wa jabia, mbuzi gani? Kuna beberu kanitafunia kanzu ya Ijumaa kambani.

KizingitiniAsili:
Mweusi, sikio moja limekatika?

PundaMchovu:
HUYO HUYO.

BintiShela:
Kavuka Pate mpaka Amu? Kwa boti ya nani?

Malindi_Barani:
Na nauli kalipa?

MwanaMkomani:
Birika!!!

KizingitiniAsili:
Kanzu ya mkono mrefu au mfupi?