Bustani za burudani: tufungashe chakula au tununue ndani?

MamaPacha: Habari zenu wakuu. Familia yetu ya watu watano inajipanga kwenda bustani za burudani Orlando, Marekani. Tiketi peke yake zimenimaliza, na kila ninayemuuliza anasema chakula cha ndani ni ghali mno. Nawaza njia tatu: kubeba kila kitu, kununua kila kitu, au mchana kutoka tukale nje kisha turudi. Ninyi ipi iliwafaa?

Mzururaji: Dada, masharti ya bustani hizo hayafanani. Disney World wanaruhusu chakula chako na vinywaji visivyo na kilevi, mradi hakihitaji kupashwa moto na vyombo si vya glasi. Boksi la baridi lisizidi sentimita 61 kwa 38 kwa 46, na barafu ya vipande hairuhusiwi. Universal ni wakali zaidi: maji, vitafunwa vidogo, chakula cha mtoto mchanga au cha mwenye masharti ya kiafya, sawa. Mlo wa pikniki, hapana.

Kutoka nje mimi sikushauri. Pale Magic Kingdom, bustani mojawapo ya Disney World, kati ya maegesho na geti kuna ziwa. Unavuka kwa feri au treni ya reli moja. Kwenda na kurudi mchana umeisha.

BabaWawili: Msikilize huyo. Sisi kwenye bustani moja tulifungasha mlo mzima, makopo sita, mlinzi wa getini akasema haviingii. Gari tulishaliacha mbali. Saa tatu asubuhi tukala tumesimama kando ya pipa la taka, watoto wamejaa chai bado, kilichobaki tukakitupa. Niliumia sana. Soma masharti kwenye tovuti yao siku moja kabla, hata kama uliyasoma mwezi uliopita.

Shangazi_K: Mimi sibebi kila kitu hata panaporuhusiwa. Begi zito mwisho wa siku linamwangukia mama. Halafu, kwa ninavyoona, pesa hazipotelei sana kwenye mlo wa mchana, zinapotelea kwenye soda na vitu vidogo vidogo ambavyo watoto wanavililia kwenye foleni. Hivyo ndivyo vya kubeba.

Usiku nagandisha chupa mbili za maji, sizijazi hadi juu. Asubuhi zinakaa chini ya begi, juu yake matufaha, karanga, biskuti na mikate ya siagi ya karanga. Ikifika saa saba, ndani ya chupa kuna kipande cha barafu kama yai kinagongagonga, na maji yake ni baridi haswa. Kisha tunanunua mlo mmoja wa moto, tunakaa kivulini tunakula pamoja. Huo siuonei uchungu. Na Disney, migahawa ya kaunta inayouza soda za mashine wanakupa maji ya barafu bure ukiomba.

Nesi_Tatu: Nyama, mayai na vyenye mayonezi visizidi saa mbili nje ya ubaridi. Joto likipita nyuzi 32, saa moja tu. Orlando kipindi cha joto, hilo ni jambo la kila siku.

MamaPacha: Asanteni sana. Basi Disney nabeba mikate na matunda, Universal maji na biskuti tu, na kila siku tunanunua mlo mmoja. Shangazi, chupa za kugandisha ni za plastiki au za chuma?

Shangazi_K: Plastiki, mwanangu. Ya chuma ikiganda inavimba kitako, haisimami tena.