Wauza rangi, acheni kutuambia "namba ni ile ile" mkiwa mnatuuzia kampuni nyingine!

Wakuu, salaam. Leo nina hasira, mnivumilie.

Sebule yangu imepakwa krimu ya kuchanganywa na mashine, ile Magnolia ambayo nusu ya nyumba za mjini zinayo. Ukuta wa TV ukaishia nusu, fundi akataka galoni moja ya lita 4 amalizie. Duka la mwanzo besi (rangi ya msingi ya kuchanganyia) ya kampuni ile imeisha, mzigo eti uko bandarini. Nikaingia duka jingine, kubwa tu, jina naliacha kwa leo. Lina mashine, lina na bango kwamba wanachanganya rangi yoyote unayoitaka.

Nimekwenda na mfuniko wa ndoo ya kwanza wenye stika ya namba. Nimekwenda pia na kipande cha plasta kilichobanduka pembeni ya swichi, rangi yenyewe ikiwa juu yake. Kijana wa mashine hata hakukigusa. Akasoma stika, akabonyeza kompyuta, akaniambia: "Boss, namba ni ile ile, kampuni tu ndiyo tofauti. Magnolia ni Magnolia."

Fundi akapaka. Mbichi ilionekana imepauka, akasema tusubiri, emalsheni ikikauka hukolea. Ikakolea kweli, na ikapitiliza! Saa kumi jioni jua likipiga pale ukutani kuna mstari umesimama toka dari hadi sakafuni: kushoto krimu ya njano, kulia imeegemea pinki, kama suruali iliyotiwa kiraka na fundi mlevi. Usiku nikiwasha taa mstari unafifia, wageni wanadhani nina makengeza.

Sasa nyie wenye maduka, haya mnayajua, ila mnanyamaza ili galoni itoke. Mashine haitengenezi rangi kutoka hewani. Inadondosha matone ya rangi kali ndani ya besi, na hesabu ya hayo matone imepigwa kwa besi ya kampuni husika. Kila kampuni inaweka kiasi chake cha titani dayoksaidi, ile poda inayoleta weupe na kufanya rangi ifunike ukuta. Chukua matone ya huyu uyatie kwenye besi ya yule, unapata kitu kingine. Na jina la Magnolia halina mwenyewe. Waingereza wanayo moja kwenye viwango vyao vya BS 4800, namba 08 B 15, lakini kampuni yoyote inaweza kubandika jina hilo kwenye krimu yake na hakuna wa kuiuliza.

Hata huo mstari unaojificha usiku una sababu. Rangi mbili zilizotengenezwa kwa viungo tofauti zinaweza kulingana chini ya taa na zikaachana juani. Kijana wenu yuko chini ya tyubu mchana kutwa, mlangoni jua linawaka, hatua chache tu. Kilimshinda nini kupaka tone kwenye kipande changu, akalikausha, akatoka nalo nje? Kile kifaa cha kusoma rangi mnacho kaunta, kinakaa pale kama pambo.

Nimerudi kulalamika, jibu: "Rangi iliyochanganywa hairudishwi." Sawa, ningeelewa kama ningekuwa nimebadili mawazo. Lakini nilikuja na sampuli mkononi! Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema bidhaa ikiuzwa kwa sampuli, mzigo ulingane na sampuli. Wanasheria wa humu mniambie, sampuli ambayo muuzaji amekataa hata kuitazama inahesabika au haihesabiki?

Na kabla hamjajazana hapa na "ungepaka ukuta mzima toka kona hadi kona": ndicho tunachokwenda kufanya. Kwenye kona jicho halilinganishi sana, maana kila ukuta unapokea mwanga wake. Ndoo zote zitamwagwa kwenye pipa moja zikorogwe kabla rola haijagusa kitu, kwa sababu hata kampuni moja, mzigo wa mwezi huu na wa mwezi ujao unaweza kupishana. Na mng'ao uwe mmoja, matt (isiyong'aa) kwa matt. Silk (yenye mng'ao kidogo) ikikaa karibu na matt, hata rangi ikiwa sawa kabisa, jicho litasema si sawa. Ila fundi analipwa upya, na hiyo hela haitoki kwa yule kijana wa mashine.

Anayejua duka la Dar, hasa upande wa Tegeta au Mbezi, linalopima kipande cha ukuta kwa kifaa na kukukaushia tone mbele yako kabla hujalipa, aliweke hapa. Nanunua wiki hii hii.